Watu Walewale, Majedwali Tofauti: Historia ya Takwimu na Kompyuta Kagera

Chukua majedwali mawili ya sensa ya Tanzania. Lile la mwaka 2002 linaonyesha kwamba Wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, ilikuwa na watu 425,476. Lile la mwaka 2012 linaonyesha kwamba Karagwe ilikuwa na watu 332,020. Mpe mwanafunzi wa kompyuta kazi ya kuyaunganisha kwa jina la wilaya na kutafuta badiliko la miaka kumi. Ataandika mistari michache ya Python, na jibu litatoka papo hapo: Karagwe imepungukiwa na watu 93,456. Hakuna onyo litakalojitokeza kwenye kioo. Hesabu ya kutoa haina kasoro, lakini jibu si kweli.

Watu hao hawakwenda popote. Mwaka 2012 Karagwe ilimegwa, ikazaliwa Wilaya ya Kyerwa katika upande unaopakana na Uganda na Rwanda. Kata kama Nyakatuntu zilihama kutoka daftari moja kwenda jingine bila mgomba hata mmoja kung'olewa. Kyerwa peke yake ilihesabiwa watu 321,026 katika sensa ya mwaka huo. Ukizijumlisha wilaya hizo mbili unapata watu 653,046, yaani ongezeko la watu 227,570 tangu mwaka 2002.

Kuna hitilafu inayoisimamisha programu, na kuna hitilafu inayoiacha iendelee kana kwamba mambo ni shwari. Ya kwanza humsumbua mtu kwa saa moja au siku nzima, kisha hurekebishwa. Ya pili huingia kwenye ripoti, ripoti ikaingia kwenye bajeti, na bajeti ikaamua zahanati ijengwe wapi. Kagera ina mitego mingi ya aina hii ya pili. Missenyi ilitoka Bukoba Vijijini, na jina lake huandikwa kwa s mbili katika faili moja na kwa s moja katika jingine. Kwa kompyuta hizo ni wilaya mbili. Chato ilikatwa kutoka Biharamulo, kisha mwaka 2012 ikahamishiwa mkoa mpya wa Geita. Anayelinganisha Biharamulo ya zamani na ya sasa bila kujua hayo analinganisha vitu viwili vyenye jina moja.

Mkoa huohuo ndio uliowafundisha watafiti wa dunia nzima namna ya kukabiliana na tatizo hili: utajuaje kwamba mtu, kaya au kijiji kilichomo katika faili hili ndicho kilekile kilichomo katika lile? Historia hiyo haijulikani vya kutosha hata na vijana wa Bukoba na Kayanga wanaosomea kompyuta, nayo inastahili kusimuliwa.

Chanzo chake ni msiba. Kagera ilikuwa imetoka katika vita vya mwaka 1978 na 1979 dhidi ya majeshi ya Idi Amin, na haikupata nafasi ya kupumua. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi kutambuliwa Tanzania walipatikana mkoani humo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 kulikuwa na vijiji ambako misiba ilifuatana bila nafasi, mashamba ya kahawa yakaachwa, na bibi wakarudi kulea wajukuu. Serikali na wafadhili walitaka kujua jambo moja mahususi: kifo cha mtu mzima kinaifanya nini kaya inayobaki, na msaada gani unaifaa?

Ndipo ulipoanza Utafiti wa Afya na Maendeleo wa Kagera. Benki ya Dunia, ikiwakilishwa na mchumi Martha Ainsworth na wenzake, ilishirikiana na wataalamu wa Muhimbili, wakiwemo George Lwihula, Phare Mujinja na Innocent Semali. Kati ya mwaka 1991 na 1994, wadadisi walizihoji kaya zaidi ya 900 katika jumuiya 51 za mkoa, kuanzia Bukoba mjini hadi Karagwe, Ngara na Biharamulo. Kaya moja iliweza kutembelewa hadi mara nne, kwa kuachana miezi sita hivi. Kila kitu kiliulizwa: nani analala humu, nani ameumwa, shamba lina mibuni mingapi, nani amesoma hadi darasa la ngapi, nyumba imeezekwa kwa nini, wiki hii mmekula nini.

Mfumo wa dodoso ulitokana na tafiti za hali ya maisha ambazo Benki ya Dunia ilizianzisha Ivory Coast na Peru mwaka 1985. Tafiti hizo zilileta wazo ambalo leo linaonekana la kawaida: kompyuta isikae makao makuu ikisubiri magunia ya karatasi, isogezwe karibu na wanaohojiwa. Zamani karatasi zilifika mjini baada ya miezi, na aliyeziingiza kwenye mashine akikuta mtoto aliyemzidi mama yake umri, hakuwa na njia ila kubahatisha au kufuta. Kompyuta ikiwa karibu, kosa linagunduliwa wakati kikosi bado kinaweza kurudi kugonga mlango na kuuliza upya.

Waandaaji waliingiza pia jambo linalowanasa wachambuzi mpaka leo. Kwa kuwa vifo, hata wakati wa janga, havitokei katika kila kaya, uchaguzi wa nasibu wa kawaida ungeleta kaya chache mno zenye msiba. Wakatumia sensa ya mwaka 1988 kuyagawa maeneo kwa kiwango cha vifo na kwa aina ya kilimo, wakachagua kwa wingi maeneo na kaya zilizokuwa na uwezekano mkubwa wa kufiwa. Ni uamuzi wa busara, ila una sharti: kila kaya lazima ipewe uzito wake katika hesabu. Mchambuzi anayepakua faili na kutafuta wastani moja kwa moja atapata picha ya Kagera iliyojaa ugonjwa kuliko ilivyokuwa. Programu haitamwambia. Safu ya uzito imo ndani ya faili, lakini sharti aijue na aitumie.

Miaka kumi ikapita. Mwaka 2004 Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon waliamua kufanya jambo ambalo wengi waliliona haliwezekani: kuwatafuta wale watu mmojammoja, popote walipo. Katika nchi nyingi utafiti wa marudio hurudi kwenye nyumba ileile. Aliyehama anahesabiwa kuwa amepotea. Kagera walikataa njia hiyo. Aliyekuwa na miaka minane mwaka 1991 sasa alikuwa na miaka ishirini na moja, pengine ameolewa Karagwe, anavua samaki visiwani, anauza duka Mwanza au anafanya kazi Dar es Salaam. Wengine walikuwa wamevuka mpaka kuingia Uganda. Wadadisi walianza na orodha ya majina ya zamani, wakamuuliza mwenyekiti wa kitongoji, shangazi, jirani, mpangaji mwenzake, hadi wakafika mlangoni kwa mhusika. Walifanikiwa kupata tena kaya 832, sawa na asilimia 93 ya kaya za mwanzo ambazo bado zilikuwa na mtu aliye hai. Kwa watu wanaofanya kazi ya takwimu, kiwango hicho baada ya miaka kumi ni cha kuvulia kofia.

Mafanikio hayo yakazaa tatizo la kompyuta. Kaya 832 zilikuwa zimechipua kuwa kaya zaidi ya 2,700, na mwaka 2010 awamu nyingine ilipofanyika zilizidi 3,300. Mwaka 1991 namba ya kaya ilitosha kumtambulisha mtu pamoja na namba yake ndani ya kaya. Sasa kaya moja ya zamani ilikuwa na watoto wanne katika nyumba nne za mikoa mitatu. Ukiunganisha faili la 1991 na la 2004 kwa namba ya kaya peke yake, marehemu babu atajirudia mara nne, ng'ombe wake watajirudia mara nne, na ukoo mzima utaonekana tajiri kuliko ulivyowahi kuwa. Kila anayejifunza kuunganisha majedwali hukutana na kosa hili siku moja: mistari inaongezeka kimyakimya. Dawa yake ilitumika Kagera. Kila mtu ana namba ya utambulisho inayomfuata maisha yake yote katika utafiti, na kila kaya mpya inabeba alama ya kaya iliyoizaa. Kabla ya kuunganisha, hesabu mistari; baada ya kuunganisha, hesabu tena; idadi ikibadilika bila sababu unayoijua, simama.

Majina yasingeweza kufanya kazi hiyo. Mtu huandikishwa shuleni kwa jina moja, akabatizwa au kusilimu kwa jingine, akaitwa mama fulani baada ya kujifungua, na mwandishi mmoja anatia r pale ambapo mwenzake anatia l. Umri nao hauaminiki sana. Wadadisi wa Afrika Mashariki hutumia kalenda ya matukio: ulizaliwa kabla au baada ya Uhuru? Wakati wa vita vya Amin ulikuwa unatembea? MV Bukoba ilipozama, Mei 1996, ulikuwa darasa la ngapi? Pamoja na juhudi hizo umri hurundikana kwenye miaka inayoishia na sifuri au tano, na wataalamu wa demografia wana kipimo maalumu cha kugundua mrundikano huo, faharasa ya Whipple. Programu inayotafuta mtu kwa umri sharti impe mhusika nafasi ya kupishana miaka kadhaa, la sivyo itamtangaza mtu hai kuwa hayupo.

Yaliyopatikana yaliulipa uvumilivu huo. Watoto waliofiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 walikuwa, walipofikia utu uzima, wafupi kwa takriban sentimita 2 na walikuwa wamepoteza takriban mwaka mmoja wa shule. Pengo hilo halikufutika. Kuhusu uhamaji, watafiti waliwalinganisha watu waliokuwa wanaishi kaya moja mwaka 1991, mmoja akabaki na mwingine akahama. Ukuaji wa matumizi ya aliyehama ulizidi wa aliyebaki kwa pointi 36 za asilimia. Kama waliohama wangefutwa kwenye faili kama inavyofanyika kwingine, Kagera ingeonekana maskini kuliko watu wake walivyokuwa. Matokeo yote mawili yanasimama juu ya uwezo wa kusema bila shaka kwamba huyu wa leo ndiye yule wa jana.

Kazi hiyo haikuendeshwa kutoka Washington. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 palikuwa na kampuni mjini Bukoba, Economic Development Initiatives, iliyofupishwa EDI, iliyoanzishwa na De Weerdt, mchumi Mbelgiji aliyekuwa ameshafanya utafiti wake vijijini humohumo. Katika mwaka 2000 alihoji kaya zote 119 za kijiji cha Nyakatoke, Bukoba Vijijini, akiuliza kila mtu mzima: ukipata shida, unamtegemea nani, na nani anakutegemea wewe? Majibu yakawa mtandao wa kijiji kizima. Nyakatoke sasa inatajwa katika makala za uchumi wa mitandao zinazosomwa na watu ambao hawajawahi kuiona ndizi ya Kihaya.

Data ya Nyakatoke ina tatizo zuri kwa mtengeneza programu. Mara nyingi mmoja alimtaja mwenzake na mwenzake hakumtaja. Je, uzi kati yao upo au haupo? Katika programu hilo ni neno moja tu, "na" au "au", lakini ukibadilisha neno hilo kijiji kinabadilika umbo. Ukidai wote wawili watajane, mtandao unakuwa mwembamba na maskini wanaonekana wapweke mno. Ukiridhika na kauli ya mmoja, unaona urafiki ambao pengine ni matumaini ya upande mmoja. Wachumi Margherita Comola na Marcel Fafchamps waliandika makala nzima juu ya swali hilo wakitumia kijiji hiki. Uamuzi wa namna hiyo hauna budi kuandikwa wazi ndani ya programu, pamoja na sababu yake, ili anayefuata aupinge akitaka.

Bukoba pia ndipo karatasi zilipoanza kuachwa. EDI ilitengeneza programu yake ya kuhoji, surveybe, ambayo mdadisi aliibeba kwenye kompyuta ndogo. Mjini kwenyewe umeme ulikuwa unatoka Uganda kwa miaka mingi, na vijijini haukuwepo kabisa, kwa hiyo betri ilikuwa sehemu ya kazi ya programu kama yalivyo maswali. Manufaa yalionekana haraka. Dodoso la karatasi lina maagizo kama "ikiwa hapana, ruka hadi swali la 14", na mdadisi aliyechoka hukosea kuruka. Kompyuta haimwonyeshi swali lisilomhusu. Mwanamume hawezi kuandikwa mjamzito. Kaya ya watu watatu ikiandikwa kula mikungu arobaini ya ndizi kwa wiki, mdadisi anaulizwa papo hapo: je, ni mikungu, au ni ndizi mojamoja?

Swali hilo la vipimo limewachosha wachambuzi wengi. Sokoni watu hununua kwa fungu, kopo, debe, kisado na mkungu, na mkungu wa Karagwe si lazima ulingane na wa Muleba. Anayeandika "3" bila kipimo ameandika kitu kisicho na maana. Programu nzuri hutunza namba na kipimo katika safu mbili, hutunza jedwali la kubadili kila kipimo kuwa kilo kwa kila eneo, na haifuti kamwe jibu la awali.

Bet Caeyers, Neil Chalmers na De Weerdt walitaka kujua kama tofauti kati ya karatasi na kompyuta ni kubwa kweli. Wakaenda Pemba, wakazigawa kaya 1,840 kwa bahati nasibu: nyingine zihojiwe kwa karatasi, nyingine kwa kompyuta. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2012, yalionyesha makosa mengi kwenye karatasi, ambayo kompyuta iliyazuia. La kutia wasiwasi zaidi ni kwamba makosa hayakutawanyika ovyo. Yalifuatana na hali ya kaya, kwa hiyo ukizitupa kaya zenye makosa unapendelea aina fulani ya watu. Matumizi yaliyopimwa kwa karatasi yalielekea kuwa juu, na hivyo umaskini ukaonekana mdogo kuliko ulivyopimwa kwa kompyuta. Kisiwa kilekile, mwaka uleule, idadi tofauti ya maskini kwa sababu ya chombo cha kuandikia.

Wakati huohuo zana nyingine zilikuwa zinakua katika ukanda huu. Open Data Kit ilianza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na ilijaribiwa mapema Kenya na Uganda kwenye simu za Android. CommCare, inayotumiwa na wahudumu wa afya ya jamii, ilipata majaribio yake ya awali Tanzania. Zote zililazimika kutatua tatizo la mtandao unaokatika. Simu inatuma fomu, seva inaipokea, kisha mawasiliano yanakatika kabla simu haijapata jibu. Simu inadhani haijatuma, inatuma tena, na mgonjwa mmoja anakuwa wawili. Dawa ni kuipa kila fomu namba ya kipekee tangu inapofunguliwa mkononi mwa mhudumu. Seva ikiiona namba hiyo mara ya pili inajua ni ileile.

Kyerwa ina mtego mwingine ambao mtengeneza programu wa Dar es Salaam hawezi kuuota. Ng'ambo ya Mto Kagera ni Rwanda, na saa ya Rwanda iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Simu iliyowekwa ifuate saa ya mtandao, ikinasa mnara wa ng'ambo, inarudi nyuma saa moja. Mahojiano yaliyoanza saa nne na robo na kwisha saa tano yanaweza kuonekana yamekwisha kabla hayajaanza. Ongeza saa ya Kiswahili: mama anasema alimpeleka mtoto zahanati saa mbili asubuhi, na mdadisi mgeni anaandika 2 mahali ambapo kompyuta inasoma usiku wa manane. Tiba ya kwanza ni kutunza nyakati zote kwa saa ya dunia na kuzibadili wakati wa kuonyesha tu. Tiba ya pili ni kuandika kwenye kioo chenyewe "saa 2 asubuhi" na "saa 2 usiku", jinsi watu wanavyosema.

Agosti 23, 2022 nchi nzima iliingia katika njia iliyofunguliwa na kazi hizi. Makarani wa sensa walibeba vishikwambi, na Tanzania ikahesabu watu 61,741,120. Kagera nayo ilikuwa na watu 2,989,299. Kwa mara ya kwanza katika sensa, makosa ya kuruka maswali na umri usiowezekana yalizuiwa mlangoni kwa mwananchi, kabla ya karatasi yoyote kufika ghalani.

Wanaoanza kujifunza uchambuzi wa data, wawe Nairobi au Dodoma, bado wanafanyishwa mazoezi kwa maua 150 ya iris ambayo Ronald Fisher aliyachapisha mwaka 1936, na kwa orodha ya abiria wa Titanic. Hakuna ubaya katika maua hayo, ila yamesafishwa mno: hayahami, hayabadili jina, hayagawanyiki kuwa wilaya mbili. Faili za utafiti wa Kagera ziko wazi kwa mtafiti yeyote, kuanzia awamu ya 1991 hadi ya 2010, pamoja na madodoso na maelezo ya kila safu. Vyuo vyetu vingezifanya somo la muhula wa kwanza: mpe mwanafunzi faili la watu wa awamu ya kwanza, faili la watu la mwaka 2004 na safu ya uzito, kisha mwulize ni watoto wangapi waliofiwa na mama wameonekana tena, na amethibitishaje kwamba ni walewale.